Masizi ya Kwenye Swichi

Dereva wa lori la mbao amerudi Mafinga na habari kwamba yule mwenzangu wa mkono mmoja amezikwa kwao Mbeya. Mjane wake amemtuma aniulize: ni kweli mumewe alizembea siku alipopoteza mkono? Ndugu wa mume wanalisema hilo hata matangani. Nimechoka, wasomaji wangu, lakini hili nalijibu hapa hapa.

Tulikuwa kiwanda kimoja, yeye anaendesha msumeno, mimi napokea mbao. Swichi ya msumeno ilikuwa na kibao cha kushikia nyaya, na kila ukiwasha inatoa cheche. Cheche zikakiunguza, kikashika masizi kama sufuria ya kuni. Asubuhi za ukungu unaona vimoto vidogo vinatambaa juu ya ule weusi. Siku moja akamwita msimamizi.

"Ndugu, umeme unapita juu ya masizi haya, unakuja mpaka kwenye mpini wa chuma wa kuwashia."

"Umeme unatambaa? Umekuwa nyoka?"

"Shika basi wewe, tuone kama haung'ati."

"Mnyakyusa una mdomo! Masizi ni uchafu. Futa, washa."

Watu wakacheka, na yeye akacheka. Akaenda kwa meneja kuomba kibao kipya, akajibiwa stoo hakuna. Akarudi, akafuta, akawasha. Mimi shule niliishia la nne, na masizi nimeyaona jikoni kwa mama tangu nazaliwa. Kumbe ule unga mweusi, mwembamba kuliko karatasi, unabeba umeme kama waya.

Masika yakaja, ukungu ukalowesha kila kitu. Alipogusa ule mpini ukamng'ang'ania. Nikampiga na ubao mkavu mpaka akaachia. Hospitali Iringa wakaukata mkono. Meneja akatukusanya uwanjani, akasema ni uzembe, na msimamizi pembeni yake anaitikia kwa kichwa. Jioni ile ile kibao kipya kikatoka stoo, bado kimefungwa kwenye karatasi yake.

Mabango ya kutuhimiza tuchape kazi yapo kila ukuta. La kumhimiza meneja afungue stoo sijaliona bado.

Nyinyi mnaoshika mashine, swichi ikiwa nyeusi msiifute wala msiiwashe. Kaeni chini, mwitwe wakaidi. Nawe, shemeji, waambie hao ndugu: mumeo hakuzembea. Kibao kilikuwepo, kimelala rafuni, na ufunguo wa stoo ulikuwa mfukoni mwa meneja. Mpaka leo uko huko huko.