Trekta Lililozimwa Mteremkoni

Mnajua mimi siogopi kitu. Shule niliacha darasa la sita kwa sababu walimu walikuwa wananichelewesha. Juzi pale Usagara nilidandia trekta lenye tela la mawe, nikakaa juu ya madigadi ya tairi la nyuma, na mteremko wa Kigongo ulipoanza nikampa dereva, mtu wa rika la baba yangu, ushauri wa bure.

"Mzee, weka nyutro uzime injini. Dizeli unaichomea nini?"

Akazima. Mbele yetu ng'ombe walikuwa wanavuka, mchungaji katupa mgongo. Mzee akakata usukani, ukagoma. Akakanyaga breki, tela likatusukuma tu. Akasimama wima, akauvuta usukani kwa mikono miwili, na trekta likazidi kuwafuata ng'ombe. Hapo nilimwita mama yangu kwa jina lake la ubatizo.

Mzee akawasha injini. Usukani ukalainika, tukaukosakosa mkia wa mwisho.

"Kijana," akasema, "huu usukani haujaungwa na tairi kwa chuma. Ni mafuta yanayosukumwa ndani ya mipira, na pampu yake inazungushwa na injini."

Sijabadilika. Bado siogopi kitu, ilimradi injini inanguruma.