Usimwambie Mpishi

Nilikuwa mpishi wa afisa mmoja Mjerumani katika boma la Songea. Nilikuwa mtu mzima, nina mke na watoto wawili, na nyumba yangu ilikuwa kijijini chini ya milima ya Matogoro, mwendo wa asubuhi moja kutoka bomani. Upishi nilifundishwa na bruda wa misheni, mtu mkali aliyenilazimisha kunakili orodha zake za jikoni kwa mwandiko uleule aliotumia yeye, herufi zimelala upande mmoja kama nyasi baada ya mvua. Kwa kila herufi niliyoisimamisha nilichapwa. Ndivyo nilivyojua kusoma mkono wa Kijerumani, jambo ambalo bwana wangu hakuwahi kuniuliza na mimi sikuwahi kumwambia.

Alipopata likizo ya kwenda kwao, alinichukua.

"Mama yangu ni mzee," alisema. "Macho yamefifia na miguu inamsumbua. Utampikia miezi michache, halafu tutarudi pamoja."

Mke wangu aliuliza miezi michache ni mingapi. Nilimwambia nitakuwa nyumbani kabla ulezi haujavunwa.

Mji wa kwao ulikuwa Köln, kando ya Mto Rhine. Sisi tuna Ruvuma, lakini kule mto huo unakozaliwa, Matogoro, mtu anauruka bila kulowesha kisigino. Rhine ulikuwa mpana na wa rangi ya chuma, umejaa meli za moshi zinazovuta majahazi ya makaa. Mama wa bwana alikaa mtaa wa kusini, nyumba ya chini katika jengo la ghorofa, na tramu zilipita mbele ya dirisha lake: magari ya umeme yanayokwenda juu ya reli katikati ya barabara, yakipiga kengele watu wapishe. Siku ya kwanza kila tramu ilipopita vikombe viligongana kabatini, nami nilidhani ni tetemeko la ardhi.

Hatukumaliza miezi mitatu. Siku moja bwana aliletewa simu ya maandishi. Aliisoma amesimama, akaniita.

"Kwenu kuna vita. Watu wamekunywa maji ya dawa, wanasema risasi zitageuka maji. Na Wangoni nao wameingia vitani."

"Kijiji kipi, bwana?"

"Wameingia wote. Mimi naondoka kesho."

"Nami nifunge mizigo?"

Alinitazama kama mtu anayekumbuka kwamba mpishi wake naye ni Mngoni. "Wewe baki na mama," alisema.

Basi akaenda kupigana kwetu, nami nikabaki kupika kwao.

Bibi, ndivyo nilivyomwita, hakuwa mtu mbaya. Alikula alichopewa na kushukuru, na kila jioni alimwombea mwanawe. Kwa kuwa hakuweza kutembea, alinituma mjini: kwa mwuza dawa, sokoni, kanisani kumwashia mshumaa. Alinifundisha tramu kwa kumbukumbu zake. Angalia rangi ya kibao cha mbele, aliniambia, usijisumbue na maneno. Hesabu vituo. Ukiona lango la kale la mawe, umekwisha kupita soko.

Ndivyo nilivyoujua mji ule, kituo kwa kituo, nimesimama jukwaa la nyuma. Ndani nilikaa mara moja tu. Mama mmoja alimnyanyua mtoto wake aje anisugue mkono aone kama rangi itatoka, na mzee mmoja akaniuliza kwa upole kabisa kama nimetoroka kwenye maonyesho ya watu weusi. Nilimjibu kwa Kijerumani kwamba nakwenda kununua siki. Gari zima likacheka, naye akacheka, nami nikashuka kabla ya kituo changu.

Kondakta wa njia ile, mtu mnene mwenye mfuko wa ngozi tumboni, alinizoea. "Leo wapi, Mwafrika? Dawa au mshumaa?" Yeye ndiye aliyeniambia nishuke karibu na kanisa kuu nione daraja la mashua. Nilidhani ananitania. Lakini lilikuwapo: mashua zimepangwa safu kukatisha mto, juu yake mbao, na watu na mikokoteni wanapita. Meli ilipokuja, mashua za katikati zilisogezwa, daraja likakatika, na watu wa pande zote mbili wakasimama kungoja. Nilipenda kusimama pale. Kila mtu alikuwa amezuiliwa, si mimi peke yangu.

Barua za bwana zilikuja. Zile mbili za kwanza alizisoma jirani, mwanamke wa ghorofani. Moja iliandikwa melini, nyingine Lindi. Bibi aliniita nisikilize, kwa sababu, alisema, hizo ni habari za kwenu pia. Hazikuwa na kitu. Joto, mbu, wapagazi wanakimbia.

Ya tatu ilifika wakati wa theluji. Jirani alikuwa mgonjwa wa kifua. Bibi aliishika bahasha asubuhi nzima, akiigeuza mapajani, mpaka nikamhurumia.

"Bibi, mimi naweza kusoma."

"Mkono wa mwanangu? Hata kasisi unamshinda."

"Nipe nijaribu."

Nilisoma vizuri. Alifurahi, akapiga goti lake kwa kiganja. Bwana alikuwa mzima. Alikuwa Songea. Alieleza jinsi boma lilivyoimarishwa, na jinsi wakubwa wa Wangoni walivyokamatwa na kungoja kitanzi. Nikaendelea, maana mwenye kusoma husoma. Kisha nikafika ukurasa wa pili.

"Tumepita vijiji vya chini ya milima," nilimsomea. "Tumechoma nyumba na vihenge vyote vya nafaka, ili waliojificha msituni watolewe na njaa. Kijiji cha mpishi wetu ni kimojawapo. Usimwambie mpishi. Anaweza kukuacha, nawe huna mtu mwingine."

Bibi alikuwa amegeuza uso kwenye sauti yangu, macho yake meupeupe hayana pa kutua.

"Rudia," alisema. "Labda umekosea neno."

Nikarudia. Neno lilikuwa lilelile.

"Ameandika kuhusu watu? Watu wako, je?"

"Hakuandika, bibi."

Niliikunja barua kwenye mikunjo yake, nikaiweka mezani, nikatoka bila koti. Nilipanda tramu ya kwanza iliyosimama. Sikuangalia rangi ya kibao. Ilikwenda mpaka mwisho wa reli, mahali penye viwanda na mashamba ya kabichi yaliyofunikwa theluji, na kondakta, si yule wangu, akaniambia nishuke. Nikamwambia sitaki kushuka. Akaona uso wangu, akaniacha. Dereva akahamia upande wa pili, tukarudi mjini, nikapanda nyingine, na nyingine, mchana ule wote. Nilipita mitaa ambayo sikuwa nimepata kuiona: viwanja, masanamu ya wafalme juu ya farasi, maduka ya mikate. Nilikuwa nikijaribu kuhesabu vihenge vyetu. Cha baba, cha kaka yangu, viwili vyangu. Sikuweza kujua kama mke wangu alikuwa amekwisha kuvuna.

Niliporudi Bibi alikuwa hajala. Hakuniambia pole. Nimelifikiria jambo hilo miaka mingi: labda kwa lugha yao neno la kutosha halikuwapo, labda alijua likitoka litamshitaki mwanawe. Alisema, "Chukua kalamu."

Nikaandika alivyotamka. *Mwanangu. Nashukuru Mungu uko mzima. Anayenisomea barua zako ni mpishi.* Aliitia alama yake chini, iliyopinda. Hiyo ndiyo ilikuwa barua yote.

Siku ya tatu yake aliniambia nimtolee koti jeusi na kofia. Alikuwa hajatoka nyumbani miaka miwili. Nilimbeba ngazi tatu za mlangoni, na kondakta yule mnene alipotuona alishuka mwenyewe kumnyanyua. Hakutania. Bibi aliketi ndani, mimi nikasimama mbele yake nikiwa nimeshika mpini wa juu, na hakuna aliyethubutu kunitazama vibaya.

"Tumefika wapi?" aliuliza.

"Lango la mawe, bibi."

"Kulia kuna duka la mkanda na nyuzi."

"Hapana. Sasa ni benki."

"Benki!" Alikasirika kama mtu aliyeibiwa. Njia nzima ikawa hivyo. Yeye aliniambia mji uliokuwapo, mimi nikamwambia uliopo.

Tulikwenda kwa kasisi wake. Huko aliniacha kwenye korido, nikasikia sauti yake tu ikipanda na kushuka. Ilipatikana habari kwamba mabruda kadhaa wanasafiri kwenda Lindi na kupanda bara, kujenga upya misheni iliyochomwa na wapiganaji wetu, na hawana mpishi. Bibi alitoka ameshika ukuta. "Utakwenda nao," alisema. "Jirani atanipikia, ingawa supu yake ni maji ya kuoshea vyombo."

Kutoka Lindi tulitembea kwa miguu. Tulipita Nakapanya, tukapita Tunduru, na kadiri tulivyokaribia Songea ndivyo njia ilivyokuwa tupu. Hakuna jogoo aliyewika. Wanawake tuliokutana nao walikuwa wakichimba ming'oko, viazi vya porini, nao hawakuinuka kutusalimu. Mashamba yalikuwa yamerudi kuwa kichaka, na nguruwe mwitu walitembea mchana.

Kijijini nilikuta nguzo nyeusi. Mke wangu nilimpata siku mbili baadaye, kwenye kibanda cha majani karibu na boma, pamoja na binti yetu. Alikuwa mwembamba hata sauti yake ilikuwa nyembamba.

"Karibu, baba wa watoto," alisema, kisha akajisahihisha. "Baba wa mtoto."

Mwana wetu wa kiume alikuwa amekufa msituni, kwa njaa, si kwa risasi. Kaka yangu alinyongwa. Baba alikwenda kutafuta chakula upande wa Ruvuma na hakurudi. Mke wangu aliniambia yote hayo bila kulia, kisha akauliza, "Na huko ulikokuwa, mlikuwa mnakula?"

"Tulikuwa tunakula," nilisema.

Hakuuliza tena. Mimi nami sikumwambia kwamba habari ya vihenge vyetu niliisoma mwenyewe, kwa sauti, nimeketi karibu na jiko la moto. Mpaka alipofariki sikumwambia.

Chakula kilikuwa mahali pamoja tu, bomani. Nilikwenda asubuhi. Bwana wangu alikuwa barazani, amekonda, nywele zimeingia mvi. Aliponiona alisimama.

"Mama hajambo?"

"Hajambo, bwana. Ila macho."

Nilijua kwamba barua ya mama yake ilikwisha kumfikia. Alijua kwamba najua. Tulisimama hivyo, yeye barazani, mimi uani, na askari mmoja akapita kati yetu na ndoo. Nilikuwa nimeandaa maneno njia nzima kutoka Lindi, maneno makali ya Kijerumani na mengine ya Kingoni ambayo asingeyaelewa. Yote yalikuwa mdomoni.

"Jiko lako lipo," alisema, akitazama pembeni. "Ukitaka."

Nikaingia jikoni. Nilimpikia mtu yule mwaka na nusu, mpaka alipohamishwa, na hatukuzungumza tena jambo lolote lisilohusu chakula. Siku ile ya kwanza nilichukua unga wa mahindi kwenye kitambaa, nikaupeleka kibandani, nikasonga ugali. Mke wangu aliuangalia ule ugali muda mrefu, akijua umetoka wapi. Binti yetu hakungoja. Alikula kwa mikono yote miwili, na mama yake akamshika kiganja kimoja, akamwambia taratibu, "Polepole, mwanangu, usije ukatapika."