Mahindi ya Sakafuni

Ghala nililofanyia kazi liko nyuma ya uwanja wa ndege, mwendo wa mabasi mawili kutoka kwenye maghorofa ya Dixon ninakoishi. Tulikuwa tukipakia mahindi makavu, maharage na mchele kwenye mifuko yenye picha ya mama wa Kiafrika anayecheka sana. Mlangoni palikuwa na bango: "Hapa sisi ni familia." Chini ya bango alikaa mlinzi, akiipekua familia kila inapotoka.

Mfagizi wetu alikuwa mzee kutoka Dodoma, mwalimu mstaafu wa shule ya msingi aliyeletwa Canada na binti yake. Mashine ya kujazia mifuko ilikuwa na ubovu wake: kila mfuko ukijaa, ilitema konzi ya mahindi sakafuni. Kanuni ilisema kilichogusa sakafu ni taka, kifagiwe na kitupwe. Mzee alifagia vizuri sana. Kutupa ndiko kulikomshinda. Alikotoka, punje ikianguka mtu huinama.

Basi akawa anazichambua zile safi, anazitia kwenye chupa yake ya chai. Jumamosi alipika makande kwa tui la nazi na kuita majirani. Mimi nilikaa ghorofa moja chini yake. Nilikula makande yale miezi minne, na mara mbili niliomba bakuli la kwenda nalo. Nilijua yalikotoka. Sikuwahi kuuliza, maana ukiuliza unajibiwa.

Alikamatwa siku alipokuja mlinzi mpya mwenye bidii, akaitikisa ile chupa. Chai haina kelele. Ile ililia kama kayamba.

Asubuhi iliyofuata niliitwa ofisini kutafsiri, kwa sababu mzee akiwa na hofu Kiingereza humkimbia. Meneja alikuwapo, na ofisa utumishi, mama mpole aliyetuwekea biskuti mezani kana kwamba tumekuja kuposa.

"Muulize kwa nini ameiba mali ya kampuni," meneja alisema.

Nikauliza. Mzee akavua kofia.

"Mwambie, mwanangu, tangu nianze kazi nimeambiwa kilicho chini ni taka. Hiyo mali imeingiaje?"

Nilitafsiri. Meneja akamtazama ofisa utumishi, naye akafungua kitabu cha kanuni. Walibishana karibu saa nzima, na mimi na mzee tukala biskuti. Wakisema ni mali, makao makuu yatauliza kwa nini mali inatupwa kila siku na kwa nini mashine haijatengenezwa. Wakisema ni taka, wizi haupo. Mwishowe yule mama akapata njia: mzee alikuwa amehamisha taka bila kupewa mafunzo ya kuhamisha taka. Meneja akashusha pumzi kama mtu aliyeponywa jino.

Kisha akakumbuka swali moja. "Kuna mfanyakazi mwingine aliyefaidika?"

Swali lile lilipaswa kupita mdomoni mwangu. Nililitafsiri nikitazama meza. Mzee akasema kwa sauti ileile aliyotumia kuniambia "marahaba" kila asubuhi:

"Mwambie mimi hula peke yangu."

Nikamwambia. Ndiyo tafsiri niliyoifanya kwa usahihi kuliko zote siku ile. Ofisa utumishi akanishukuru kwa utulivu wangu.

Alifukuzwa kwa barua iliyomshukuru kwa mchango wake katika familia. Juma lililofuata sote tulikusanywa kwenye semina ya uaminifu. Ili tusichoke, walituletea bisi, ndoo nzima. Zilizoanguka zilifagiwa na mfagizi mpya. Mashine iliendelea kutema.

Sikwenda kwake Jumamosi mbili. Ya tatu alinigongea mlango mwenyewe.

"Shikamoo," nilisema.

"Marahaba. Chakula kinapoa, njoo."

Nikamfuata juu. Nilipoketi nilimwambia kwamba nilipaswa kusema ukweli mle ofisini. Alikuwa akipakua, hakugeuka.

"Ungesema, wangetufukuza wawili. Mahindi yangerudi mfukoni?"

"Hapana, mzee."

"Kula, basi."

Sasa anamenya viazi kwenye jiko la makao ya wazee, karibu na barabara ya Jane. Siku ya kwanza mpishi mkuu alimfungia mabaki ya supu aende nayo nyumbani. Mzee alikataa kuyapokea mpaka aandikiwe karatasi yenye sahihi. Mpishi alicheka, akadhani ni utani wa Kiafrika, lakini mzee alisimama palepale na aproni yake hadi kalamu ilipopatikana. Karatasi hizo anazo nyingi sasa. Anaziweka kwenye bahasha, pamoja na hati zake za uhamiaji.

Mimi niliacha kazi ghalani majira ya kuchipua. Kwenye fomu ya kuondoka waliuliza nilichojifunza. Niliandika: usafi.