Uzio wa Tamsin Pascoe

Lorna Pascoe alipika katika jiko la shule ya mji wetu kwa miaka thelathini na moja, na wengi tuliokulia hapa Galena Fork tumegombezwa naye kwa kubakiza karoti. Mimi ni jirani yake, mlango kwa mlango, na nasema mapema: niko upande wake.

Alipostaafu, kamati ya utalii ikampa kazi ya Oktoba. Msimu wa Halowini ukifika, maboga yameshapangwa barazani na theluji ya kwanza imeonekana kileleni, wageni hupanda kutoka Denver kuja kutafuta mizimu ya wachimba madini. Lorna akavaa gauni jeusi, akawa Mjane wa Shimoni.

Hadithi yenyewe kila mtu anaijua. Enzi za mgodi, mwanamke hakuruhusiwa kukaribia mdomo wa shimo, ilikuwa nuksi. Tamsin Pascoe akaenda. Siku hiyohiyo shimo likaporomoka, wanaume saba wakafa, mumewe akiwemo. Naye alipokufa walimzika nje ya uzio wa makaburi, na kamati inadai kwamba mpaka leo anaita wanaume kwa majina.

Tamsin ni mama wa babu yake Lorna. Kwa miaka kumi na moja Lorna alimwigiza, akalia kilio cha uongo, wageni wakapiga picha. Nilimuuliza kwa nini.

"Ujinga wangu," akasema. "Nilidhani angalau anakumbukwa."

Lakini kwao walijua jambo jingine. Asubuhi ile mumewe alimwambia Tamsin kuwa magogo yanayoshikilia dari yameanza kupasuka. Alipokwisha kuondoka, Tamsin hakuweza kukaa. Akamfuata, akamsihi msimamizi awatoe watu. Msimamizi akamfukuza, eti analeta nuksi.

Mwaka huu Lorna aliiomba kamati isogeze uzio, kaburi la Tamsin liwe ndani. Mwenyekiti, Kip Stroud, akacheka.

"Bi Lorna, kaburi la nje ndilo linalovuta watu. Tukimwingiza, tutawaonyesha nini?"

Lorna akaja moja kwa moja mlangoni kwangu. "Niazime mtaimbo," akaniambia. Nikampa. Wiki nzima alichimba vishimo ng'ambo ya kaburi, na waliomwona walidhani anapanda maua.

Jumamosi ya Halowini, saa tisa alasiri, wageni arobaini walimzunguka pale makaburini. Akafika pale hadithini anapopaswa kulia. Hakulia. Akavua kofia yenye shela, akakunja mikono ya gauni.

"Yote niliyowaambia ni uongo," akasema. "Nimeusema miaka kumi na moja, na naona aibu."

Akawaeleza habari za magogo na msimamizi. Kisha akashika mtaimbo, akang'oa nguzo ya kwanza.

Kip akaja mbio, shingo bado imepakwa damu ya bandia ya Halowini.

"Mama, huo uzio ni mali ya mji!"

"Na mimi ni wa wapi? Sogea, nguzo isikuangukie mguuni."

"Nitakufukuza kazi!"

"Umechelewa. Nimeacha nilipovua kofia. Kip, ulikuwa ukificha karoti mfukoni nikakusamehe. Hili sikusamehe."

Wageni wakacheka. Bwana mmoja mnene akatoka kundini, akashika mbao bila kuombwa, nami nikashika upande wa pili. Lorna ana miaka sabini na nne. Alihema, alitukana kidogo, lakini hakumwachia mtu mtaimbo. Nguzo sita zikahamia kwenye vishimo vyake, na kaburi likawa ndani.

Akamnyooshea Kip mtaimbo.

"Haya, watu wote wapo. Mtoe tena, na uwaambie kosa lake lilikuwa nini."

Kip akatia mikono mifukoni. Lorna akanirudishia mtaimbo na kuwageukia wageni.

"Na msimwite mjane," akasema. "Alipokwenda shimoni mumewe alikuwa hai. Alikwenda ili asiwe mjane."