Siku Ambayo Mwalimu Hakuitikia Hodi

Nyumba yetu ni ya kupanga. Vyumba vinatazamana, ua uko katikati, bomba moja pembeni. Ukikohoa chumba cha kwanza, wa chumba cha mwisho anakwambia pole. Mimi natengeneza viatu barazani, ndiyo maana wananiita Mzee Gundi, na mlango ulio karibu kabisa na benchi langu ni wa Mwalimu, anayeishi na mama yake mzazi.

Mwalimu anafundisha Kiingereza shule ya msingi iliyo nyuma ya soko. Alianza akiwa msichana, na sasa mvi zinachungulia pembeni mwa kitambaa chake cha kichwa. Ni mtu mpole mno. Hata akienda kudai ndoo yake aliyoiazimisha, huanza kwa kuomba radhi. Visigino vya viatu vyake huisha upande wa nje, kwa sababu hutembea akijibana ukingoni, kana kwamba barabara ina wenyewe.

Siku moja aliniletea kiatu kisicho na ubovu wowote. Nikakigeuza, nikakigeuza tena.

"Mwanangu, hiki hakiumwi."

"Najua, baba." Akaketi kwenye kigoda cha wateja. "Nataka kukwambia jambo, na usinicheke."

Jambo lenyewe lilikuwa hili: alitaka kusoma masta ya Kiingereza. Chuo kiko nchi za mbali, lakini masomo yanapita kwenye kompyuta. Mwanafunzi anakaa chumbani kwake, anayefundisha yuko huko kwake, wanaonana kwenye kioo. Kwake hiyo ndiyo ilikuwa njia pekee, maana mama yake macho yamefifia na magoti yamegoma, hawezi kuachwa. Akiipata masta, ataweza kuomba kazi kwenye chuo cha ualimu hapahapa mjini, awafundishe wale wanaokwenda kufundisha. Kazi hiyo alikuwa ameitamani miaka na miaka, kimyakimya, kama mtu anayepita kila siku mbele ya duka akitazama gauni na asithubutu kuingia kuuliza bei.

Maombi alishajaza karibu yote. Vyeti vilishatumwa, na maelezo ya kwa nini anataka kusoma alishayaandika. Ulibaki mtihani wa kuthibitisha kwamba Kiingereza anakiweza.

"Si ndicho unachofundisha?" nikamwuliza.

"Ndicho kinachoniogopesha, baba. Nikianguka je? Wale watoto wote waliopita mikononi mwangu, nimewapa nini?" Sauti ikashuka. "Darasani anayekizungumza ni mimi tu. Hakuna wa kunisahihisha. Miaka yote hii sijawahi kusemezana na mtu aliyekulia kwenye Kiingereza. Huenda hiki nilicho nacho ni changu peke yangu, hakuna mwingine anayekielewa."

Nilikipaka rangi kile kiatu kizima, nikamrudishia.

Mtihani wenyewe ungefanyika nyumbani, kwenye kompyuta aliyoazima kwa mdogo wake. Alinieleza masharti akihesabu kwa vidole.

"Chumba kiwe kitupu. Ukutani kusiwe na kitu. Nisivae chochote masikioni, nisitazame pembeni. Kuna msimamizi ananiona kwa kamera toka mwanzo hadi mwisho, nami simwoni, namsikia tu. Mtu akiingia, mtihani umekufa. Nikiitwa nikaitika, umekufa."

"Si utarudia?"

"Kurudia kupo, lakini chuo kitakuwa kimeshafunga kupokea maombi. Mpaka mwakani. Na mwakani..." Akatazama mlango wa chumba alimolala mama yake.

Kisha akanisogelea. "Na mtu asijue, baba. Redio akijua, soko zima limejua. Soko likijua, mwalimu mkuu kajua. Nikianguka nitapita wapi?"

Redio ni jirani yetu, fundi cherehani, anakaa chumba cha karibu na bomba. Ana moyo wa kusaidia na koo la kutangazia, na jina lake amelipata kwa haki. Mwalimu mkuu naye aliwahi kusema mbele ya walimu wote kwamba Kiingereza cha darasa la nne kinamtosha anayefundisha darasa la nne. Wote walicheka. Mwalimu naye alicheka, kisha akaja nyumbani akalala na kiatu mguuni.

"Basi tuwaambie nini ili wanyamaze siku hiyo?"

"Waambie naumwa. Mgonjwa huachwa apumzike."

Mtu mwenye utulivu angeliona kosa palepale. Sisi wawili hatukuliona. Hofu ikipanda kichwani, akili hushuka ikakae barazani.

Siku zilizofuata alikuwa mtu wa kuhurumiwa. Aliosha vyombo vilivyokwisha kuoshwa. Bombani ndoo ilifurika, maji yakamlowesha miguu, naye amesimama tu, midomo inacheza. Mama yake akanilalamikia: "Mwanangu anadonoadonoa chakula kama kuku mgeni." Mwenyewe aliniambia ameota amefungua kinywa mbele ya kamera, hakikutoka kitu. Akafungua zaidi. Hakikutoka kitu.

Jumamosi ya mtihani asubuhi tulivua kuta. Tulitoa kalenda, tukatoa chati ya wanyama aliyochora kwa ajili ya darasa, tukatoa picha ya marehemu baba yake. Ukuta ukabaki na misumari. Yule mama, ambaye huona vivuli tu, akapitisha mkono pale picha ilipokuwa.

"Nani kafa?"

"Hajafa mtu, mama."

"Mbona mmemshusha baba yako?"

Tukamshika mkono polepole hadi kwenye kiti changu barazani. Mwalimu akarudi ndani. Kitasa cha mlango ule kiliharibika zamani, hufungwa kwa kurudishwa tu, kwa hiyo nilivuta benchi nikalikingamisha mbele ya mlango, nikakaa juu yake.

"Baba, akija mtu..." alisema kupitia upenyo.

"Hapiti."

"Hata awe nani."

"Hata awe nani."

Habari ya ugonjwa nilishaieneza tangu alfajiri, na mwanzoni ilifanya kazi. Ua ulitulia. Nyundo niliiweka chini, nikawa nashona kwa uzi. Ndani nilisikia vidole vikigonga kompyuta, vinakwenda, vinasita, vinakwenda. Kila viliposita, sindano yangu nayo ilisita.

Kisha akatokea Redio, kanga begani, chupa ya chai mkononi.

"Nimekuja kumwona mgonjwa."

Hapo ndipo niliposhtuka. Tulitangaza ugonjwa tukitaka watu wakae mbali! Nani ameshasikia jirani anaumwa akakaa kwake?

"Kalala," nikasema.

"Basi nimwone akiwa amelala."

"Kaomba asisumbuliwe."

"Mzee Gundi, mimi ni usumbufu?"

Kuna maswali hayana jibu zuri. Nilipokuwa bado nalitafuta, akainama juu ya kichwa changu. "Hodi, Mwalimu!"

Kimya. Vidole vya ndani vikasimama.

"Hodi tena!"

Kimya. Sasa, hodi ya jirani haiachwi ikaanguka chini. Hata ukiwa bafuni utasema subiri. Hata mliyegombana naye jana ataitika, ingawa kwa pua. Hodi ya tatu isipojibiwa, watu hujua ndani kuna jambo, na milango mingi imevunjwa hivyo, mingine kwa kheri, mingine wakakuta wamechelewa. Niliona rangi ya uso wa Redio ikibadilika. Hakuwa mbea wakati ule. Alikuwa anaogopa.

Na ndipo mlango mkubwa wa kutokea nje ukafunguliwa, akaingia mwalimu mkuu mwenyewe, shati limepigwa pasi, mfuko wa machungwa mkononi.

"Nimesikia mwalimu wangu hali yake si nzuri."

Yule mama kitini akageuza uso kufuata sauti ya mgeni. Na papo hapo, nyuma yangu, Mwalimu akaanza kuzungumza. Ilikuwa sehemu ya mtihani ya kusema kwa mdomo. Kiingereza kitupu, sauti nyembamba, inapanda na kukatika.

"Mungu wangu, anaweweseka!" Redio akashika kichwa.

"Kwa Kiingereza?" mwalimu mkuu akauliza.

"Homa ikizidi mtu husema alichosomea! Marehemu mjomba wangu, karani wa posta, alikata roho akitaja bei za stempu! Mzee, ondoka hapo!"

Akausukuma mlango juu ya bega langu. Benchi likateleza. Mlango ukafunguka upana wa kidole, na ile sauti ndani ikakatika katikati ya neno.

Nilimzuia Redio kwa nguvu zangu zote nikijua nimeshachelewa. Nilikuwa nimepewa siri mkononi na mlango mgongoni, na sikuweza tena kuvilinda vyote viwili.

Mama ndiye aliyesema kwanza. "Hiyo si homa. Hiyo ni sauti yake akiogopa. Ndivyo alivyokuwa akimsomea baba yake."

"Haumwi," nikanong'ona. "Yuko kwenye mtihani. Mkiingia umekufa."

"Nani kafa?" Redio akapayuka.

"Mtihani! Nyamaza!"

"Mtihani gani?" mwalimu mkuu akauliza.

"Wa kuingilia masta. Ya Kiingereza."

Basi, nikasubiri kicheko chake. Kicheko kile ndicho Mwalimu alichokikimbia mpaka akajizushia ugonjwa. Yule bwana alinitazama, akautazama mlango. Akaweka machungwa chini taratibu sana, mfuko usilie. Akanyoosha mkono akavuta mlango ukafunga, akabaki ameshika kitasa kibovu kama mtu aliyeshika kikombe kilichojaa.

Kisha nikasikia sauti ya mwanamke mwingine, ngeni, kavu, ikitoka kwenye kompyuta. Ikauliza kitu. Mwalimu akajibu kitu kifupi, haraka. Kisha Mwalimu akaendelea.

"Anasema nini?" Redio akauliza kwa macho.

"Anaeleza safari," mwalimu mkuu akanong'ona. Akasikiliza, kijasho kikimtoka. "Mimi ningekuwa nimeshatoka mbio."

Redio hakungoja kuambiwa la kufanya. Akavua ndara, akapita uani kwa miguu mitupu. Birika lililokuwa likichezesha kifuniko akaliepua. Nje mnunuzi wa vyuma chakavu alikuwa anakuja na kipaza sauti chake; tukamwona Redio kupitia mlango mkubwa akimshika mkono, akimweleza kwa ishara, kidole mdomoni, na yule mtu akiondoka akinyata na mkokoteni wake kama mwizi. Sijawahi kuiona nyumba ile kimya hivyo. Hata bomba lilifungwa kwa kitambaa lisidondoshe.

Hatimaye mlango ulivutwa kwa ndani. Nikaondoa benchi.

Mwalimu alisimama kizingitini, gauni limemlowa kwapani. Akamwona mwalimu mkuu. Akamwona Redio, chupa ya chai, machungwa. Niliiona hofu ikimpanda kutoka shingoni mpaka kwenye paji la uso. Kisha akasema lile alilokuwa amelizuia asubuhi nzima.

"Karibuni."

"Haumwi kweli?" Redio akauliza.

"Siumwi."

"Basi nirudishie chai yangu!" Akamkumbatia, wote wawili wakilia, na chupa ikiwa katikati yao.

Mama yake akatikisa kichwa. "Wenzako huficha maradhi kilio kikawaumbua. Wewe umeficha uzima, na kilio kilikuwa kinakuja vilevile."

Wengine walipokwisha kuingia na machungwa, Mwalimu alibaki nami barazani. Macho yalikuwa makubwa.

"Mlango uliposukumwa, baba, msimamizi akauliza: nani yuko mlangoni? Nikasema: ni majirani, hawajaingia, wanadhani ninakufa. Ilinitoka tu. Hiyo haikuwa kwenye mtihani, sikuitafuta, sikuipanga." Akameza mate. "Akacheka kidogo, akasema endelea. Alinielewa, baba."

"Basi umeshinda."

"Sijui. Amesema lazima aandike kilichotokea. Wanaweza kuufuta."

Kwa hiyo hofu haikuhama, iliongezewa wapangaji tu. Zamani aliogopa peke yake, sasa tuliogopa nyumba nzima. Kila asubuhi Redio aliuliza, na akiambiwa bado, alikata kitambaa vibaya. Mwalimu mkuu alipita jioni akisingizia kisigino. Mwalimu alikuwa akiiweka simu kifudifudi mezani, kama mtu anayefunika kidonda.

Jibu lilipokuja alikuwa bombani. Alilisoma akiwa amesimama, akalisoma tena ameketi ukingoni mwa ndoo. Mtihani haukufutwa. Kwenye kuzungumza alipata kiwango kilekile kilichotakiwa, hakikuzidi hata chembe. Baadaye kidogo chuo nacho kikaandika kwamba kimempokea.

Somo la kwanza lilikuwa Jumamosi, mchana. Safari hii picha ya baba yake ilibaki ukutani. Nikavuta benchi langu kama kawaida.

"Wakija niwaambie nini?"

"Waambie niko darasani."

Akashika mlango, asiufungue.

"Bado naogopa, baba."

"Ingia hivyohivyo, mwanangu."

Akaingia hivyohivyo.