Somo la Neva na Kijiko cha Mawese

Mpaka leo nikikumbuka ule mwaka wa vita, hasira hunipanda, na haianzii kwa askari. Inaanzia kwa watu wa kwetu, wenye mioyo mizuri na masikio nusu.

Nilifundisha biolojia Fizi, katika shule iliyobakiwa na ubao na madawati machache. Jarida moja tu la Kifaransa lilikuwa limenusurika, na humo niliwasomea wanafunzi habari iliyonisisimua mwenyewe. Kuna seli changa, seli shina, ambazo bado hazijapangiwa kazi mwilini. Wataalamu huziweka kwenye kisahani cha maabara, wanazitilia molekuli ndogo iitwayo asidi ya retinoiki, na baada ya siku kadhaa baadhi zinageuka kuwa seli za neva. Mmoja akauliza hiyo dawa inatoka wapi. Nikajibu kwamba ni jamaa ya vitamini A, ile tunayoipata kwenye mawese. Laiti ningemeza ulimi!

Kabla ya Jumapili somo langu lilikuwa limeshuka mpaka mji wa Baraka, limepoteza kisahani na maabara njiani, limebaki mawese tu. Huko kwa mama alilala mdogo wangu wa kike. Risasi ilimpata uti wa mgongo walipokuwa wakikimbia, na miguu yake haikusikia kitu. Akina mama wa kanisa wakaleta chupa kwa chupa. Mama yetu akaacha kumgeuza ubavu na kumnyoosha miguu, kazi aliyofundishwa na muuguzi, akashika kijiko. Msichana anatapika, wao wanambembeleza, "Kunywa, mwalimu mwenyewe njo alisema."

Nilipofika nilikuta vidonda mgongoni. Nilifoka mpaka majirani wakatoka nje.

"Nani aliwaambia mawese inaotesha neva? Nani?"

Mdogo wangu, aniitaye yaya kwa kuwa mimi ni mkubwa wake, akangoja nimalize makelele yangu.

"Yaya, hii habari ulisikia lini?"

Nilikuwa nimeisikia tangu juma la kwanza. Sikutuma hata barua. Mimi, mwenye jarida, nilikuwa nangoja mtu aje aniambie kidole cha mguu wake kimesogea.

"Zamani kidogo," nikasema.

"Mi nilikuwa natapika na kunywa tena majuma tatu," akasema. "Nilisema, yaya angejua ni bongo, ni uongo tu, angekuja."