Jicho la Mama Speransia

Ipo Alhamisi moja ambayo sijaisahau, mwanangu, na uliponipigia simu juzi kutoka Lusahunga ndiyo iliyonijia kwanza. Uliniuliza swali dogo. Unamwandikia mwenye mali barua ya Kiingereza kuhusu lori lililobeba mzigo wake, hujui uweke “assure” au “ensure”, na kamusi yako inakupa kuhakikisha huku na kuhakikisha kule. Nilikuambia nitakujibu kwa maandishi kwa sababu jibu lenyewe ni refu, na simu yangu, kama unavyoijua, hukatika pale pale mtu anapofika kwenye jambo la maana.

Nilikuwa na miaka ishirini na moja. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, Kiingereza nakijua, tena najijua kwamba nakijua, na hilo la pili ndilo lililoniponza. Kambi ya Lukole ilikuwa imejaa watu waliokimbia kutoka Burundi, na shirika moja la wageni lilitafuta wakalimani wa zahanati yake. Sisi Wahangaza wa huku mpakani Kirundi tunakielewa bila kufundishwa, basi nikachukuliwa. Nikavaa beji shingoni, nikaenda nayo hadi kanisani Jumapili. Usinicheke. Hata wewe ulipopewa kitambulisho cha kazi ulikipiga picha ukaturushia ukoo mzima.

Jumanne moja alikuja Mama Speransia, mkulima wa Burundi, umri wake sawa na wa bibi yako wakati ule. Alikuwa akiokota kuni, kijiti kikamchoma jicho la kushoto. Nesi niliyekuwa nikimtafsiria alilitazama kwa muda mrefu, kisha akasema linaweza kupona iwapo litafika kwa daktari wa macho wiki hiyo hiyo. Gari la wagonjwa liliondoka kila Alhamisi asubuhi, na halikubeba mtu ambaye hayumo kwenye orodha. Akaniambia kwa Kiingereza nihakikishe, “ensure”, jina la mama yule limeingia. Nilimwelewa vizuri. Sitaki uje useme kwamba mama yako aliponzwa na lugha ya watu.

Utaratibu haukuwa mgumu. Unachukua karatasi ya nesi, unaipeleka kwa karani wa orodha, unasimama pale mpaka aandike, unalisoma jina mwenyewe. Lakini karani alikaa upande wa pili wa kambi, mwendo wa karibu saa nzima, na jua lilikuwa kali. Mkalimani mwenzangu mmoja alikuwa anaelekea huko. Nikampa karatasi.

Mama Speransia alikuwa bado yupo kwenye benchi, kitambaa kimefunika jicho. Akainuka, akaniuliza kama aende mwenyewe kwa karani. Sasa kwetu huku unajua jinsi tulivyolelewa. Mtu mzima mwenye shida haachwi aondoke mlangoni pako na wasiwasi, utamtafutia neno la kumtuliza hata kama hujui lolote. Ni adabu nzuri na siisemi vibaya. Nikamwambia kwa lugha yake, “Nta kibazo, mama. Hakuna shida. Jina lako limeshaingia, keti upumzike.” Akanishika mikono yote miwili, akanishukuru. Nikajiona mtu mwema sana.

Alhamisi nilimkuta ameketi chini kando ya barabara na kifurushi chake, gari limeshaondoka. Hakuwemo kwenye orodha. Mwenzangu alikuwa ameshikwa na homa Jumanne ile ile kabla hajafika kwa karani, akarudi kwao kulala, na karatasi ilikuwa mfukoni mwake. Wiki iliyofuata nilikwenda naye mwenyewe, nikakaa karibu naye ndani ya gari hadi hospitali. Daktari wa macho alisema tumechelewa. Jicho lile halikuona tena.

Mkuu wetu wa wakalimani alikuwa Mzee Bonifasi wa Mabawe, katekista mstaafu, mtu wa maneno machache. Aliniita. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, nami nikaanza kumweleza habari za mwenzangu na homa yake. Akaninyamazisha kwa mkono.

“Nesi alikuambia ‘ensure’,” akasema. “Wewe ukafanya ‘assure’. Ile ya kwanza ni kazi, unaifanya mpaka iishe. Ya pili ni maneno, unamwambia mtu. Ukimwambia kabla ya kuifanya, umemdanganya kwa upole.”

“Nilitaka kumtuliza tu, mzee.”

“Na ulimtuliza kweli. Nenda kamuulize.”

Nikaenda. Nilitarajia kutukanwa, na ningeshukuru. Mama Speransia akanipa kigoda, akaniletea maji ya kunywa, akaniuliza hali ya wazazi wangu. Nilipoanza kuomba radhi nililia, yeye hakulia. Akasema bila hasira yoyote, “Siku ile nilikuwa nimeshasimama niende kwa karani. Wewe ukaniambia limeshaingia. Nikaketi.”

Mwanangu, niliona haya siku ile na ninaona haya hadi leo ninapoandika. Mpaka hapo nilidhani kosa langu ni kutokwenda. Kumbe lilikuwa kubwa kuliko hilo. Laiti ningenyamaza, au ningemwambia ukweli kwamba sijui, angejikokota mwenyewe hadi kwa karani na jicho lake lingefika kwa daktari. Neno langu tamu ndilo lililomketisha.

Basi jibu lako ni hili. Hayo maneno mawili ni ndugu, lakini mmoja atangulie. Kwanza kaone lori limepita mpaka wa Rusumo na mzigo umo, au umpigie aliyeko pale alione, akutajie namba. Hiyo ndiyo “ensure”. Ukishamaliza, mwandikie mwenye mali atulie, hiyo ndiyo “assure”, na hapo iandike kwa raha zako zote. Ikiwa hujaona, mwandikie kwamba hujaona. Atakasirika kidogo, lakini atajua kwamba inampasa kufuatilia mwenyewe. Watu wengi watakuuliza mambo kwa sababu umekaa ofisini na una kitambulisho, na utatamani kila mmoja aondoke na uso mkunjufu. Tamani hivyo. Ila kabla hujafungua kinywa, jiulize kama huyu mtu alikuwa amesimama kwenda kujitafutia, na kama neno lako litamketisha.

Mungu akujalie uwe mzito wa kuahidi na mwepesi wa kwenda kutazama. Akupe watu wa kukuambia ukweli hata pale unapoomba kutulizwa. Na macho yako, mwanangu, akutunzie yote mawili.